Kwa Nini Leo Huonekana Haitabiriki Kuliko Jana

Karibu kila mazungumzo kuhusu uchumi, siasa, hali ya hewa au teknolojia siku hizi huishia kwenye kauli moja: kwamba tunaishi katika zama zisizotabirika, tofauti na zamani ambapo mtu alijua kesho yake itakuwaje. Viongozi huisema wanapoeleza kwa nini mipango imekwama, wafanyabiashara huisema wanapoahirisha uwekezaji, na wazazi huisema wanapojiuliza watoto wao wasomee kazi gani. Husemwa kwa yakini kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza zamani hiyo iliyotabirika ilikuwa lini hasa. Ukiuliza, majibu hupishana kwa namna ya kuchekesha kidogo: mwenye miaka 70 huitaja miaka ya ujana wake, mwenye miaka 40 huitaja ya ujana wake yeye, na katika vipindi vyote viwili watu wazima wa wakati huo walikuwa wakilalamika kwamba dunia imewaponyoka mikononi.

Mkanganyiko huanza pale mambo tofauti yanapobebwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna mabadiliko, yaani mambo kutobaki yalivyokuwa. Kuna hatari, yaani uwezekano wa jambo baya ambao unaweza kukadiriwa kwa namba, kama vile kampuni ya bima inavyoweza kukadiria ni magari mangapi kati ya elfu moja yatapata ajali ndani ya mwaka ingawa haijui ni yapi. Na kuna kutotabirika kwenyewe, yaani hali ambayo hata msingi wa kukadiria haupo, kwa kuwa jambo lenyewe halijawahi kutokea au sababu zake hazijulikani. Tofauti kati ya hatari na kutotabirika ilielezwa kwa ufasaha na mwanauchumi wa Marekani Frank Knight mwaka 1921, na bado ina manufaa, kwa sababu mambo haya hayaendi sambamba. Mabadiliko makubwa yanaweza kutabirika vizuri: nchi ambayo uzazi umeshuka inajua miongo kadhaa mapema kwamba idadi ya wazee wake itaongezeka. Hatari kubwa nayo inaweza kuwa ya kawaida na inayojulikana na kila mtu. Juu ya hayo yote kuna hisia ya kutotabirika, ambayo ni jambo la moyoni na ina sheria zake yenyewe. Mtu anaposema kwamba leo haitabiriki kuliko jana, mara nyingi anaripoti hisia hiyo, huku akidhani anaeleza hali ya dunia.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba, kwa sehemu kubwa, zamani haikuwa na uhakika zaidi; imepata uhakika baada ya kwisha. Chukua mechi ya mpira. Anayeitazama ikichezwa hajui itaishaje, na kila shambulio humfanya ashike kichwa. Anayetazama marudio siku ya pili, huku akijua kwamba timu yake ilishinda bao moja kwa bila, huona mchezo mwingine kabisa: mpira uliogonga mtambaa panya dakika ya 80, ambao jana yake uliwainua watu vitini, kwake ni tukio dogo la kupita. Wachezaji ni walewale na goli halikusogea, ila matokeo mengine yote yaliyowezekana yamefutwa, likabaki moja. Nasi tunapolinganisha miaka ya nyuma na mwaka huu, huwa tunalinganisha marudio na mechi inayoendelea, kisha tunashangaa kwa nini moja inatukosesha raha na nyingine haitukoseshi.

Mwaka 1975 mtafiti wa saikolojia Baruch Fischhoff aliionyesha tabia hii ya kuona yaliyopita kuwa yalitabirika kwa jaribio rahisi. Aliwapa watu maelezo mafupi kuhusu vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali, pamoja na matokeo manne yaliyowezekana. Kundi moja halikuambiwa mwisho wa vita. Makundi mengine yaliambiwa kila moja mwisho wake tofauti, kana kwamba ndio uliotokea kweli. Kisha wote waliombwa wakadirie uwezekano wa kila matokeo. Walioambiwa mwisho fulani waliupa mwisho huo uwezekano mkubwa zaidi kuliko wale ambao hawakuambiwa lolote, na waliona kwamba dalili zake zilikuwamo kwenye maelezo tangu mwanzo, ingawa makundi yote yalisoma maelezo yaleyale. Katika utafiti mwingine alioufanya na Ruth Beyth, watu walikadiria mapema yale ambayo yangetokea katika safari za Rais Richard Nixon wa Marekani huko Beijing na Moscow mwaka 1972. Walipoombwa baadaye wakumbuke makadirio yao, walikumbuka kuwa waliyatarajia yaliyotokea zaidi kuliko walivyokuwa wameyatarajia kweli. Hawakuwa wakidanganya. Akili ikishajua mwisho, hupanga upya njia yote iliyoelekea huko, na haiachi alama ya kuonyesha kwamba imepanga upya.

Oktoba 1962 ni mfano mzuri, kwa sababu leo husimuliwa kama kisa cha siku 13 chenye mwisho mwema. Tarehe 16 Rais John F. Kennedy wa Marekani alionyeshwa picha zilizopigwa kutoka angani zikithibitisha kwamba Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukisimika makombora ya nyuklia nchini Kuba. Tarehe 22 aliwatangazia Wamarekani kwa televisheni. Jumamosi ya tarehe 27 ndege ya upelelezi ya Marekani ilitunguliwa juu ya Kuba na rubani wake akafa, na baadhi ya washauri wa rais walikuwa tayari wanataka mashambulizi. Siku hiyohiyo, katika bahari ya eneo hilo, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa ikirushiwa mabomu madogo ya kuilazimisha ipande juu, na mabaharia wa Marekani waliokuwa wakiyarusha hawakujua kwamba ndani yake kulikuwa na topido ya nyuklia. Mmoja wa maofisa waliokuwamo, Vasili Arkhipov, ndiye anayetajwa kuwa alipinga topido hiyo kurushwa. Siku iliyofuata Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alitangaza kwamba makombora yangeondolewa.

Msomaji wa leo hupita juu ya aya kama hiyo kwa utulivu, kwani ushahidi kwamba dunia haikuteketea ni yeye mwenyewe anayesoma. Lakini mtu aliyelala usiku wa Jumamosi ile hakuwa na ushahidi huo. Zaidi ya hapo, hata waliokuwa ndani ya chumba cha maamuzi hawakujua hali ilivyokuwa mbaya: Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alikuja kuelezwa mwaka 1992, miaka 30 baadaye, kwamba vichwa vya nyuklia vilikuwa vimeshafika Kuba wakati ule, vikiwemo vya masafa mafupi ambavyo vingeweza kutumika dhidi ya wanajeshi wa Marekani kama wangevamia kisiwa. Hata hivyo, miaka hiyo ya mwanzo ya 1960 huhesabiwa na watu wengi kuwa sehemu ya zamani tulivu, wakati mambo yalikuwa na mpangilio.

Kinyume chake pia hutokea: watu huwa na utulivu wasiostahili kuwa nao. Mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria aliuawa mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na kwa majuma kadhaa masoko ya fedha ya London hayakuonyesha hofu kubwa. Tarehe 31 Julai soko la hisa la mji huo lilifungwa, na siku nne baadaye Uingereza ilikuwa vitani. Oktoba 1929 mwanauchumi mashuhuri wa Marekani Irving Fisher alisema kwamba bei za hisa za nchi yake zilikuwa zimefika kwenye uwanda wa juu wa kudumu. Kabla ya mwezi huo kwisha soko lilianguka, na hadi Julai 1932 hisa zinazopimwa na faharasa ya Dow Jones zilikuwa zimepoteza karibu asilimia 89 ya thamani. Vitabu vya historia vina sehemu ya lawama katika hili, kwa kuwa vinalazimika kueleza sababu za kilichotokea. Orodha ya sababu za vita vya 1914 ikishapangwa vizuri, mwanafunzi huona kwamba vita havikuweza kuepukika, na hujiuliza watu wa wakati ule walikuwa vipofu namna gani. Hakuna kitabu chenye sura ya sababu za vita ambavyo havikupiganwa mwaka 1911, ingawa mwaka huo pia mataifa ya Ulaya yalikaribia kupigana, kwa sababu ya Moroko.

Kumbukumbu ya mtu binafsi hufanya kazi ileile kwa kiwango kidogo. Wahenga walisema ya kale hayanuki, na watafiti wa kumbukumbu wameona kitu kinachofanana na hicho: kwa watu wengi, uchungu wa matukio mabaya hufifia haraka kuliko furaha ya matukio mema. Mtu anakumbuka kwamba alikosa kazi kwa muda mrefu, lakini lile fundo la tumboni la kila asubuhi ya kutafuta kazi halirudi na kumbukumbu hiyo. Aidha, watu waliovuka umri wa miaka 40 huwa na kumbukumbu nyingi zaidi za kipindi cha kati ya miaka 10 na 30, ambacho ndicho kipindi cha nguvu, cha mambo ya mara ya kwanza, na cha miaka mingi iliyobaki mbele. Tukichukua kipindi hicho kuwa kipimo cha hali ya kawaida, lazima miaka inayofuata ionekane imepotoka.

Kuna jambo lingine ambalo huzungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Utoto wa watu wengi ulikuwa na uhakika kwa sababu mtu mwingine alibeba wasiwasi. Mtoto hakujua kodi ya nyumba ilipatikanaje, wala hakusikia mazungumzo ya usiku kuhusu ugonjwa, deni au uhamisho wa kazi; alichokiona ni chakula kilichokuja na mlango uliofungwa vizuri. Anapokua na kubeba mzigo huo mwenyewe, huona kwamba dunia ndiyo iliyobadilika, kumbe aliyehama ni yeye, kutoka upande wa wanaolindwa kwenda upande wa wanaolinda. Sidhani kama kuna sababu moja inayoeleza vizuri kuliko hii kwa nini kila kizazi, katika nchi za hali tofauti kabisa, hutoa malalamiko yaleyale. Utafiti wa wanasaikolojia Adam Mastroianni na Daniel Gilbert uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba watu katika nchi zisizopungua 60 wanaamini maadili yameporomoka, na kwamba imani hiyo imekuwapo kwa angalau miaka 70, huku watu walipoulizwa mwaka baada ya mwaka kuhusu tabia za wenzao wa wakati huohuo majibu yao hayakuwa yakishuka. Maadili si kutabirika, lakini mwelekeo wa kosa ni uleule.

Vyombo vya habari huongeza uzito upande mmoja, na hapa sina haja ya kukaa sana. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba watu hukadiria wingi au uwezekano wa jambo kwa wepesi wa mifano kuja akilini. Simu ya mkononi huleta mifano mibaya kutoka dunia nzima kila saa, na haileti taarifa kwamba daraja fulani halikuanguka. Linalostahili tahadhari zaidi ni takwimu zinazoonekana kuthibitisha hisia zetu. Kuna faharasa zinazopima kutokuwa na uhakika duniani, na michoro yake hupanda kwa kasi ambayo waandishi wa habari huipenda. Nyingi kati yake hutengenezwa kwa kuhesabu mara ngapi maneno yanayohusu kutokuwa na uhakika yanatajwa katika magazeti au katika ripoti za kiuchumi za nchi mbalimbali. Ni kipimo chenye manufaa kwa wanauchumi, kwa sababu wafanyabiashara wenye hofu hupunguza kuajiri, lakini kinachopimwa moja kwa moja ni mazungumzo. Mchoro ukipanda, tumejua kwamba watu wanaizungumzia hofu zaidi, jambo ambalo tulishalijua.

Tukiacha hisia na kutazama maisha yenyewe, dai la zamani yenye uhakika huwa dhaifu zaidi. Kwa sehemu kubwa ya historia, kwa kadiri wanahistoria wanavyoweza kukisia, karibu nusu ya watoto waliozaliwa walikufa kabla ya kufikia utu uzima, na hapakuwa na mzazi aliyejua ni yupi angebaki. Hata katika kipindi kifupi cha hivi karibuni, vifo vya watoto chini ya umri wa miaka mitano duniani vilishuka kutoka 93 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa mwaka 1990 hadi 37 mwaka 2022. Ndui, iliyoweza kuingia katika mji bila taarifa na kuondoka na maelfu, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Watu hawaoni nafuu ya aina hii, kwa kuwa hofu iliyoondoka haiachi pengo linaloonekana.

Ulinganisho wa milipuko miwili ya volkano unasaidia hapa. Mlima Tambora katika Indonesia ya sasa ulilipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata baridi kali iliingia sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini katikati ya kiangazi, mazao yakaharibika na njaa ikafuata. Wakulima wale hawakujua kwa nini, wala kama hali hiyo ingedumu mwaka mmoja au milele. Uhusiano kati ya vumbi la volkano na baridi ile ulikuja kuelezwa na wanasayansi karne iliyofuata. Mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulilipuka Juni 1991. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa mapema, na baada ya mlipuko wanasayansi walitabiri kwamba wastani wa joto la dunia ungeshuka kwa takribani nusu nyuzi ya Selsiasi kisha urudi, na ndivyo ilivyokuwa. Nani kati ya mkulima wa 1816 na mtu wa 1992 aliishi katika dunia inayotabirika zaidi? Jibu ni rahisi, ila kuna mtego: yawezekana mkulima yule hakujiona kuwa katika hali ya kutotabirika kwa namna tunavyojiona sisi, kwa sababu hakuwahi kuahidiwa utabiri. Kadiri dawa, bima na utabiri wa hali ya hewa vinavyofanikiwa, ndivyo tunavyozoea kutarajia kwamba kila jambo litajulikana mapema, na sehemu ndogo inayobaki gizani hutuudhi kama ahadi iliyovunjwa.

Uhakika mwingine wa zamani ulitokana na kukosa chaguo. Mtoto wa mvuvi aliyejua tangu utoto kwamba atakuwa mvuvi, na binti aliyejua kwamba ataolewa na aliyechaguliwa na wazazi, walijua kesho yao vizuri kuliko kijana wa leo mwenye njia kumi mbele yake. Lakini walichokuwa nacho kilikuwa uhakika wa kazi watakayofanya. Samaki, mawimbi, uzazi na homa vilibaki vilevile vya bahati nasibu. Anayeitamani hali hiyo huchukua nusu yake tu.

Pamoja na hayo, ni kosa jingine kuhitimisha kwamba hofu ya leo ni njozi tupu. Kuna vipindi na maeneo ambako mambo kweli yalikuwa tulivu zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini, ajira zilipatikana na mishahara ilipanda, huku sarafu kuu zikifungwa kwa dola na dola kwa dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa aunsi. Mpango huo ulivunjwa na Nixon tarehe 15 Agosti 1971, na kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta iliongezeka takriban mara nne. Anayesema kwamba babu yake mfanyakazi wa kiwanda mwaka 1965 aliijua pensheni yake, katika nchi hizo, huenda yuko sahihi. Kosa ni kukifanya kipindi hicho kifupi cha sehemu moja ya dunia kuwa ndiyo zamani yote, wakati miaka hiyohiyo sehemu nyingine zilikuwa katika vita vya ukombozi, mapinduzi ya kijeshi, na, huko China kati ya 1959 na 1961, njaa iliyoua mamilioni.

Pia kuna mambo ambayo kwa hakika ni mapya. Mifumo ya fedha, usafirishaji na mawasiliano imefungamana kiasi kwamba tatizo la mikopo ya nyumba nchini Marekani liliweza mwaka 2008 kutikisa benki za mabara mengine, na ugonjwa uliogunduliwa Desemba 2019 ulitangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Zamani misiba mingi ilikuwa ya mahali pamoja, na walioko mbali waliweza kusaidia. Ufungamano huu hupunguza misiba midogo, kwa kuwa chakula kinaweza kuletwa kutoka kwingine, lakini huongeza uwezekano wa wote kupatwa kwa pamoja. Kuhusu akili unde (AI), Knight, yule aliyetofautisha hatari na kutotabirika, angetambua mara moja tatizo lake: hakuna mfululizo wa matukio ya nyuma ambao mtu anaweza kuuhesabu ili akadirie.

Mabadiliko ya tabianchi ni jambo la aina nyingine, na huchanganywa vibaya na hayo. Fizikia yake ya msingi inajulikana, na si kweli kwamba wanasayansi hawajui kinachokuja. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kufikia mwisho wa karne hii joto la dunia litakuwa limeongezeka, ikilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, kwa kiasi kilicho kati ya nyuzi 1.4 hivi katika mwelekeo wa utoaji mdogo kabisa wa hewa ya ukaa na nyuzi 4.4 hivi katika mwelekeo wa utoaji mkubwa kabisa. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa, na sehemu yake kubwa haitokani na upungufu wa vipimo. Inatokana na mitambo ya umeme ambayo bado haijaamuliwa kama itajengwa au kufungwa, na misitu ambayo bado haijakatwa wala kuhifadhiwa. Hakuna kompyuta inayoweza kuliziba pengo hilo kwa kukokotoa, kwa kuwa linasubiri uamuzi. Watakaokuwa hai mwaka 2100 watajua namba iliyotokea, na huenda wakasema kwamba ilikuwa dhahiri tangu mwanzo.